HABARI ZA VITU VITOAVYO MIONZI

1. Mpimaji wa mpakani

Tunduma ni mji ulio mpakani mwa nchi yetu na Zambia. Mchana na usiku malori hupanga mstari mrefu katika barabara kuu. Mengine yatoka bandari ya Dar es Salaam na mafuta na bidhaa za madukani. Mengine yatoka Zambia na Kongo na shaba. Watu wa forodha hutazama hati, na watu wa afya hutazama wasafiri. Lakini yupo mtumishi mwingine ambaye kazi yake haijulikani na wengi. Huyo ni wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Yeye hutafuta kitu kisichoonekana kwa macho, kisichosikika kwa masikio, wala kunusika kwa pua. Hupima kama chakula na mizigo ivukayo mpaka ina mionzi kupita kiasi.

Mionzi hiyo ni nini? Yatoka wapi? Je, ni adui au ni rafiki? Hayo ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

2. Asili ya mionzi

Mmekwisha kujifunza kwamba kila kitu, jiwe, maji, mti au mwili wa mtu, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu nyingi zimetulia, nazo hudumu vile vile siku zote. Lakini ziko atomu nyingine zisizotulia. Kila moja kwa wakati wake huvunjika, na ikivunjika hutupa nje nguvu iendayo kwa kasi kubwa. Nguvu hiyo ndiyo tuiitayo mionzi.

Mionzi hiyo ni ya namna tatu. Ya kwanza ni alfa, nayo ni chembe nzito, hata karatasi moja au ngozi ya mkono yaweza kuizuia. Ya pili ni beta, nayo huzuiwa na kipande chembamba cha bati. Ya tatu ni gama, ipenyayo kupita zote. Kuipunguza hapana budi kuweka ukuta mnene wa saruji au risasi. Lakini msidhani alfa ni dhaifu wakati wote. Kitu kitoacho alfa kikimezwa, au vumbi lake likivutwa kwa pumzi, hukaa ndani ya mwili ambako hakuna ngozi ya kukinga, na huko huumiza sana.

Kila kitu cha namna hii hupungua kwa desturi yake. Fikirini ghala yenye madebe nane ya mahindi, na sheria ya ghala ni kwamba kila mwaka nusu ya yaliyomo hutoweka. Baada ya mwaka mmoja yatabaki madebe manne, baada ya miaka miwili mawili, baada ya miaka mitatu moja. Ndivyo ilivyo kwa atomu zivunjikazo, ila muda wa kupungua nusu si sawa kwa zote. Gesi ya radoni hupungua nusu kwa siku nne hivi, kobalti 60 kwa miaka mitano na zaidi kidogo, sesiamu 137 kwa miaka 30, radiamu kwa miaka 1,600, na urani ya kawaida kwa miaka milioni 4,500. Hakuna moto, maji wala dawa iwezayo kuharakisha jambo hilo. Ndiyo maana kitu kikali cha namna hii kikipotea leo, wajukuu waweza kukiokota kingali na ukali.

3. Jinsi mionzi ilivyogunduliwa

Mwaka 1896 huko Paris, Ufaransa, Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la kupigia picha, lililofungwa katika karatasi nyeusi, akalitia katika mtoto wa meza. Baadaye aliposafisha bamba lile aliona alama ya ile chumvi, ijapokuwa halikuonja mwanga wa jua. Akatambua kwamba urani yenyewe ilikuwa ikitoa mionzi.

Mwaka 1898 Marie Curie, mzaliwa wa Poland, pamoja na mume wake Pierre, wakagundua vitu viwili vingine, poloniamu na radiamu. Watu walistaajabu sana kuona radiamu iking'aa gizani. Wenye viwanda wakaichanganya na rangi ili kupaka namba za saa, zipate kusomeka usiku. Huko Marekani wasichana waliofanya kazi hiyo walifundishwa kuchongoa brashi zao kwa midomo, na kila mara walimeza rangi kidogo. Radiamu iliingia katika mifupa yao. Taya zikaoza, na wengi wakafa katika miaka ya 1920. Mama Curie naye alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, ambao waganga wengi waliona umeletwa na mionzi. Madaftari yake yangali yakihifadhiwa katika masanduku ya risasi, maana yangali yakitoa mionzi.

Kwa njia hiyo ya uchungu wanadamu walijifunza kwamba kitu chaweza kuwa kizuri cha kutazama, kisiwe na maumivu wakati wa kukishika, na bado kikaua.

4. Mionzi katika ardhi ya Songwe

Msidhani kwamba mionzi ililetwa na viwanda vya Ulaya. Imo katika nchi tangu kuumbwa kwake. Katika kila shamba mna urani na thoriamu kidogo, zaidi palipo na mawe ya matale. Joto lililomo tumboni mwa dunia, lenye kuyeyusha mawe na kuamsha volkano, kwa sehemu kubwa hutokana na atomu hizo zivunjikazo.

Ushahidi mmoja mkubwa uko katika bonde la Rukwa. Mtu aitwaye Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alithibitisha kwamba chembe ya alfa ikitulia hugeuka kuwa gesi ya heliamu. Basi urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale ya Rukwa zimekuwa zikitoa alfa kwa mamilioni ya miaka, na gesi imekusanyika chini ya ardhi. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, Uingereza, walitangaza kwamba katika bonde hilo iko heliamu nyingi. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, kusini mwa bonde, kilitoa gesi hiyo. Heliamu yenyewe haitoi mionzi wala haiwaki moto. Hutumiwa hospitalini kupoza mashine kubwa za kuchunguza mwili. Tazameni basi: kitu tukiogopacho kimezaa kitu chenye manufaa.

Karibu na Mto Songwe upande wa Mbeya uko mlima Panda, wenye madini ya niobi itiwayo katika chuma cha pua ili kiwe na nguvu. Katika madini hayo mmechanganyika urani na thoriamu kidogo. Huko Ngualla, katika Wilaya ya Songwe, yako madini adimu yanayotakiwa kwa sumaku za mashine. Madini ya namna hiyo mara nyingi huandamana na thoriamu, lakini ya Ngualla yana kiasi kidogo tu. Makaa ya mawe ya Ileje pia, kama makaa yote ya mawe, huacha majivu yenye chembe chache za urani.

Tena si kila jiwe la ajabu ni jiwe la mionzi. Wengi wenu mmekwenda kukiona kimondo cha Mbozi. Kile kilianguka kutoka mbinguni zamani za kale, na uzito wake wakadiriwa tani 12 hadi 16. Lakini ni chuma kilichochanganyika na nikeli, nanyi mwaweza kukigusa bila hofu. Mwenye elimu hapimi hatari kwa ajabu ya kitu, bali hupima kwa chombo.

Lililo kubwa zaidi kwetu ni gesi ya radoni. Hiyo huzaliwa na urani iliyomo udongoni, hupanda juu polepole, na hukusanyika mahali pasipopita hewa, kama katika mashimo ya machimbo na vyumba vilivyofungwa. Mtu aivutaye kwa miaka mingi aweza kupata ugonjwa wa saratani ya mapafu, na zaidi kama huvuta tumbaku. Dawa yake ni rahisi nayo haina gharama: fungueni madirisha, na wachimbaji wahakikishe kwamba hewa safi yafika chini ya shimo.

5. Mionzi katika chakula na mwili

Ndizi, maharagwe na viazi vina potasiamu, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya namna isiyotulia. Kwa hiyo katika mwili wa mtu mzima zaidi ya atomu 4,000 za potasiamu huvunjika kila sekunde, hata sasa usomapo maneno haya. Wala huumwi, kwa kuwa kiasi hicho ni kidogo, na mwili umezoea kutengeneza palipoharibika.

Wataalamu hupima mionzi impatayo mtu kwa kipimo kiitwacho milisiviti. Kwa wastani mtu duniani hupata kama milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula, na karibu nusu yake ni kwa sababu ya radoni. Basi asiyetaka mionzi hata kidogo hana pa kukimbilia. Neno kubwa ni kipimo. Chumvi kidogo hukoleza mboga, na chumvi nyingi huiharibu.

Kwa nini basi chakula hupimwa mpakani? Ni kwa sababu tarehe 26 Aprili, 1986, mtambo wa umeme wa atomu huko Chernobyl, katika nchi ya Ukraine, ulipasuka. Upepo ukachukua sesiamu na vitu vingine mpaka nchi za mbali, vikaanguka juu ya majani, ng'ombe wakala, vikaingia katika maziwa. Tangu wakati huo mataifa mengi hutaka kujua kwamba chakula kinunuliwacho ni safi, nasi vile vile.

6. Urani ya nchi jirani

Upande wa pili wa Mto Songwe ni Malawi. Huko katika Wilaya ya Karonga kuna machimbo ya urani yaitwayo Kayelekera. Yalianza kazi mwaka 2009, yakasimamishwa mwaka 2014 bei iliposhuka, na yakafunguliwa tena mwaka 2025. Kwetu Tanzania, urani nyingi imeonekana karibu na Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma.

Lakini machimbo yaliyobadili historia ya dunia yako Katanga, katika nchi ya Kongo, ambako hutoka shaba ipitayo Tunduma. Mahali penyewe paitwa Shinkolobwe. Urani ilionekana pale mwaka 1915. Kwanza Wabelgiji waliitaka kwa ajili ya radiamu iliyomo ndani yake. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, na Wamarekani wakainunua kwa siri. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kuunda bomu la Hiroshima, lililoangushwa tarehe 6 Agosti, 1945, ilitoka Shinkolobwe. Waafrika walioichimba hawakuambiwa ilikwenda kufanya nini, wala hatari yake. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku kuchimba mahali pale.

7. Kazi njema za mionzi

Moto huunguza nyumba, lakini pia hupika uji. Mionzi nayo ina kazi njema nyingi.

Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mionzi ya kobalti 60 imetumiwa kuua uvimbe wa saratani mwilini. Tena angalieni jambo hili. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya namna hiyo hachukui mionzi nyumbani. Ni kama mtu aliyemulikwa kwa taa. Taa ikiondolewa, hang'ai. Kumtenga mgonjwa kama huyo, au kukataa kula naye sahani moja, ni ujinga na ni ukatili.

Mashine ya eksirei, ipigayo picha za mifupa, haina kitu kitoacho mionzi ndani yake. Mionzi yake hutengenezwa kwa umeme. Umeme ukizimwa, mionzi imekwisha. Hapo ndipo penye tofauti kubwa, maana kobalti na sesiamu hazina swichi. Hutoa mionzi usiku na mchana, ziwe kazini au zimetupwa.

Mafundi wa barabara nao hutumia chombo chenye sesiamu kidogo na ameriksiamu kupima kama udongo umeshindiliwa sawasawa kabla ya kumwaga lami. Vyombo vingine viondoavyo hatari ya moto, vilivyowekwa darini katika mahoteli ili vilie palipo na moshi, vina chembe ya ameriksiamu. Hata katika taa za karabai, kile kifuko cheupe chembamba kitoacho mwanga kilitengenezwa kwa thoriamu miaka mingi, ingawa viwanda vingi sasa vimeiacha. Basi kifuko kikuukuu kikikatika, usipulize majivu yake. Yafute kwa kitambaa chenye maji, kisha unawe mikono.

8. Kisa cha Goiânia

Sikilizeni sasa habari ya kweli iliyotokea Goiânia, mji wa Brazil, mwezi wa Septemba 1987. Hospitali moja ilikuwa imehama, ikaacha mashine ya kutibu saratani katika jengo tupu. Watu wawili wakaingia, wakang'oa sehemu ya mashine ile, wakidhani ni chuma cha thamani. Wakamwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu 137, usiofika gramu mia. Usiku unga ule ukatoa mwanga wa buluu. Mnunuzi alipendezwa, akaita jamaa na rafiki waje waone, akawagawia vipande vidogo kama zawadi. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka sita alichezea unga ule, kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Baada ya siku chache watu walianza kutapika, na ngozi zao zikaungua. Mke wa yule mnunuzi ndiye aliyetambua kwamba wote walioumwa waliguswa na kitu kimoja. Tarehe 28 Septemba akalichukua gamba la chombo kile katika mfuko, akapanda basi, akalipeleka kwa watu wa afya. Kwa tendo hilo aliokoa wengi, lakini yeye mwenyewe hakupona. Watu wanne walikufa, yule mtoto akiwamo. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakaonekana wana sesiamu juu ya miili yao au ndani yake. Nyumba kadhaa zilibomolewa na udongo wake ukazikwa.

Wahenga walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Huko Goiânia hakukosekana akili, ila yalikosekana maarifa. Nasi huku Tunduma, Mlowo na Vwawa vijana wengi huokota vyuma chakavu ili wapate riziki, na barabara yetu hupitisha mizigo ya nchi nyingi. Mwezi wa Januari 2023, huko Australia, chembe ya sesiamu ndogo kuliko punje ya hindi ilianguka kutoka juu ya lori katika safari ya kilomita 1,400. Ilitafutwa kwa vyombo, ikapatikana kando ya barabara tarehe 1 Februari. Jambo litokealo katika barabara yao laweza kutokea katika yetu.

9. Mambo ya kushika

Alama ya hatari hii ni duara dogo jeusi, limezungukwa na mbawa tatu nyeusi kama za pangaboi, juu ya rangi ya manjano. Iko alama nyingine, iliyotolewa mwaka 2007: pembetatu nyekundu yenye miali, fuvu la kichwa, na mtu akimbiaye.

Ukiona alama moja ya hizo juu ya chuma, sanduku au chupa, au ukiokota chuma kidogo kilicho kizito mno kupita ukubwa wake, fanya hivi:

Kwanza, usikiguse, usikifungue, wala usikitie mfukoni. 
Pili, ondoka upesi, uwaondoe na wadogo zako. Umbali ni kinga: ukisimama mbali mara mbili ya kwanza, mionzi hupungua ikawa robo. 
Tatu, mwambie mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi, ili Tume ya Nguvu za Atomiki ipate habari. 
Nne, kama umekwisha kukigusa, nawa kwa maji na sabuni, usile kitu kwanza, na useme kweli yote kwa mganga. Asiyesema hatibiwi.

Wenye kufanya kazi na mionzi nao wana kanuni tatu: wakae karibu kwa muda mfupi, wasimame mbali kadiri wawezavyo, na waweke ngao ya risasi au saruji katikati.

Mungu ameweka nguvu nyingi katika ardhi, akampa mwanadamu akili ya kuzitambua. Mjinga huogopa kila kitu, au haogopi chochote. Mwenye maarifa huogopa kwa kipimo, na hutumia kwa kipimo.

MASWALI

1. Taja namna tatu za mionzi, na kitu kiwezacho kuzuia kila moja.
2. Kwa nini alfa ni hatari ikiwa ndani ya mwili, hali ngozi huizuia?
3. Heliamu ya bonde la Rukwa ilitokana na nini?
4. Kobalti 60 hupungua nusu kwa miaka mitano hivi. Ukiwa na gramu 16 leo, zitabaki gramu ngapi baada ya miaka 20?
5. Kuna tofauti gani kati ya mashine ya eksirei na mashine yenye kobalti umeme ukizimwa?
6. Jirani yako amerudi kutoka kutibiwa saratani kwa mashine ya mionzi, na watu wanakataa kuketi naye. Utawaambia nini?
7. Yule mwanamke wa Goiânia alitambuaje chanzo cha ugonjwa? Tendo lake lilikuwa na faida gani?
8. Chora katika daftari yako alama ya mbawa tatu. Jioni ionyeshe kwa watu wa nyumbani, uwaeleze maana yake.